Ajuza Hapandwi Maua

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu,

Najua utashangaa kuona barua. Mtu mwenye simu mbili anaandikiwa barua kama yuko kifungoni! Lakini kwenye simu hunisikilizi. Nikisema neno moja wewe unasema matatu, na la mwisho lazima liwe "Mama, pumzika." Basi leo nimekaa na kalamu, maana karatasi haina mdomo wa kunikatiza. Na wewe unijibu kwa karatasi vilevile. Ukinipigia kuhusu habari hii nitakata simu, na unanijua.

Habari yenyewe ni Ajuza.

Unakumbuka kikao baada ya msiba wa baba yako, baba yako mdogo alivyosimama na suti yake akasema lori la marehemu limezeeka, na kwamba mwenye hoteli ya kule barabara kuu anataka kuliweka mbele ya geti lake alijaze udongo apande maua. Maua, mwanangu! Lori lililobeba makabati ya nusu ya mji huu, leo libebe maua wageni wapigie picha. Nilinyamaza kwa sababu machozi yalikuwa bado hayajakauka. Wakaamua lori ni la watu watatu: mimi, wewe na yeye. Wawili wakikubaliana, neno limepita. Mimi moyoni nikacheka. Wawili si ni mimi na binti yangu? Huyu atafanya nini?

Sasa nimeamua. Ajuza anarudi barabarani kuhamisha watu nyumba kama alivyokuwa akifanya, na dereva ni mimi. Leseni ninayo, nimeihuisha. Usianze.

Nilikwenda kwa mkaguzi wa magari kuuliza. Akasema gari la umri ule halipati stika bila indiketa mbele na nyuma, taa za breki, taa ya rivasi na honi inayosikika. Wewe unamjua Ajuza. Taa zake za mbele zinawaka zikijisikia, na indiketa yake tangu azaliwe ni mkono wa dereva nje ya dirisha. Hayo ndiyo matakwa ya mkaguzi. Ya kwangu ni haya: nataka kamera ya nyuma na kioo chake, kwa sababu shingo yangu haigeuki kama ya msichana. Nataka pa kuchaji simu. Na nataka feni ndogo, maana ile kebini inachemsha mtu.

Fundi nimempata. Ni mtu mzima, mkali kidogo, lakini mikono yake ni safi. Ila umeme wa magari hajausomea, kwa hiyo andika polepole kama unamwelekeza mtu asiyejua kitu. Nitamsomea.

Injini ni nzima, nimeiwasha mwenyewe. Betri nimenunua mpya na imefungwa vilevile kama ile ya zamani ilivyokuwa: ule waya mnene uliopigwa boliti kwenye chesisi umeshika upande wa alama ya kujumlisha, na ule wa kwenda kwenye starta umeshika upande wa alama ya kutoa. Nakuandikia kila nilichokiona usije ukasema sikukwambia.

Salamu nyingine sina, nimezimaliza zote kwenye hasira.

Mama yako


Gereji, 19 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako imenikuta chini ya lori lenye kompyuta nne. Wenzangu waliponiona nasoma karatasi walidhani nimepata mchumba. Nikawaambia ni mama yangu ananitukana kwa adabu.

Mama, mimi sikukatizi. Nakuogopea tu. Una cherehani yako, una wateja wako, nyumba haina kelele. Nilipokuja mara ya mwisho ulimimina chai nje ya kikombe mbele ya macho yangu. Sasa unataka kumimina lori zima barabarani? Na huyo fundi wako mtu mzima ni nani? Kwa nini huniambii gereji yake iko wapi?

Haya. Najua hata nikisema hapana utamwita mtu wa kutengeneza redio aje afunge. Bora nielekeze mimi.

Kabla ya kugusa chochote achomoe nyaya za betri. Kila kifaa kipya kina nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Mwekundu unatoka kwenye ule waya wa moto wa betri, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye swichi, ndipo unaingia kwenye kifaa. Mweusi unafungwa kwenye bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, kwa sababu bodi yenyewe ndiyo njia ya umeme kurudi. Kila kifaa na fyuzi yake. Asiunganishe waya kwa kuusokota na tepu kama mashada ya nywele. Na Mama, mwambie fyuzi asisahau.

Dainamo inayozalisha umeme wa Ajuza haina nguvu, kwa hiyo taa za nyuma anunue zile za kisasa, ndogo, zisizokula umeme. Anunue na fyuzi za akiba. Kuhusu zile alama za betri usijisumbue nazo, hayo niachie mimi.

Mwambie aanze na indiketa na honi, kamera aiache mwisho kwa sababu ni ya gharama. Na fyuzi, Mama. Fyuzi.

Pumzika lakini.

Binti yako


Nyumbani, 7 Machi

Mwanangu,

Hilo neno lako la mwisho nimelifuta kwa wino. Chai ilimwagika kwa sababu ulikuwa unanisema wakati namimina.

Kaa sasa usikie. Indiketa zinafanya kazi! Mbele kulia, mbele kushoto, nyuma vilevile. Muuza vipuri hakuwa na zile taa za kisasa za indiketa, akanipa za balbu, na nilipobonyeza swichi zikaanza kukonyeza kama vijana wa mtaani. Nilisimama uani nikapiga vigelegele peke yangu. Jirani akachungulia ukutani akauliza kuna harusi? Nikamwambia ipo, na bibi harusi ni huyu mwenye magurudumu.

Honi ndiyo usiseme. Mbwa wa mtaa mzima wamehama.

Fundi amejitahidi. Nyaya zote amezipitisha kwenye mfereji wa turubai alioushona kwa uzi wa nta, kila waya na njia yake, na kila penye kona ameacha nafasi kidogo kama unavyoacha kwenye kwapa la gauni ili lisibane. Hakuna waya unaoning'inia. Analala chini ya dashibodi na mto, anatoka na kutu kwenye nywele, anasema mgongo unauma, kisha anarudi.

Jambo moja tu limetushinda. Feni inazunguka, tena kwa nguvu, lakini badala ya kunipulizia usoni inavuta. Shungi langu limekwenda likabandika kwenye wavu wake, nusura ninyongwe. Nikarudi dukani na moto wangu. Muuza vipuri akaiunganisha na betri yake pale mezani, ikapuliza vizuri mpaka karatasi zake zikaruka. Akaniambia, "Bibi, feni haina neno, labda unakaa upande usio wake." Nikamwambia bibi yako yuko kwenu. Nikarudi nayo nyumbani, nikaifunga, ikavuta tena! Kama una jibu niandikie. Kwa sasa nimeigeuza ielekee dirishani, iniondolee joto.

Zimebaki taa za nyuma, chaji na kamera. Mwezi wa tano nampeleka Ajuza kwa mkaguzi. Ng'ombe hazeeki maini, waambie hivyo hao wenzako wenye kompyuta nne.

Mama yako


20 Machi

Kwa Shemeji yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema na utulivu wa moyo.

Shemeji, mimi ni mtu wa amani. Nimepata habari kwamba unachezea umeme wa lile lori na kwamba una nia ya kuliendesha. Nimehuzunika. Wewe ni mama yetu, nguzo ya nyumba, mikono yako imeumbwa kwa kazi laini, na sote tunakuheshimu kama malkia. Malkia haendeshi lori.

Marehemu kaka yangu alikuwa dereva wa kupigiwa mfano. Hata miaka yake ya mwisho, na umri ule, hakukwaruza hata ukuta wa mtu. Mji mzima unalisema hilo hadi leo. Usukani ule aliushika bingwa, na si haki kuushusha hadhi. Mbele ya hoteli, katikati ya maua, jina lake litaheshimiwa na kila mgeni.

Sikutaka kulisema hili, lakini umenilazimisha. Binti yako tulishazungumza mwezi wa kwanza naye akaafiki. Nakala ya sahihi yake nimeiweka humu ndani. Mimi na yeye tumekuwa wawili, kama kikao kilivyoagiza. Mwenye hoteli atatuma gari la kuvuta mwanzoni mwa mwezi wa tano. Naomba tusivutane.

Shemeji yako mwenye kukutakia mema


Nyumbani, 24 Machi

Wewe,

Leo sina wa kumwita mwanangu, kwa hiyo nimeandika "wewe".

Barua ya baba yako mdogo imefika na sahihi yako ndani. Nimeitazama ile herufi ya mwanzo yenye mkia niliyokufundisha mimi, mezani kwangu, kwa chaki ya kukatia nguo. Mwezi wa kwanza! Kabla sijakuandikia hata mstari. Basi muda wote huu nikifurahia indiketa wewe umeshaniuza?

Na si hilo tu. Siku ileile asubuhi nilikuwa nimefunga kamera. Nilifuata maneno yako kama maneno ya daktari. Mwekundu kwenye fyuzi, mweusi kwenye bodi, pamekwanguliwa mpaka panang'aa. Nikarudisha betri, nikabonyeza swichi. Taa mpya za nyuma hazikuwaka hata moja. Chaji ya simu ikanuka. Na kile kioo cha kamera kikalia pa! kama bisi kwenye sufuria, moshi mweusi ukanijaa usoni, fyuzi ikakatika.

Nimesema usoni. Ndiyo, usoni pangu. Hakuna fundi. Fundi ni mimi! Mimi ndiye niliyelala na mto chini ya dashibodi, mimi ndiye mwenye kutu kwenye nywele. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungepanda basi kuja kunizuia. Kumbe hukuhitaji basi, kalamu ilikutosha.

Sasa niambie ukweli, kwa sababu nimekaa na mambo haya mawili mkononi na yanashikana. Mtu ameshakubali lori liende kwenye maua. Mama yake anaomba maelekezo. Yeye anamtumia maelekezo yanayounguza. Mimi sikusoma sana, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo nimeshona maisha yangu yote, sikukiona.

Kama hukutaka niendeshe ungesema, "Mama, sitaki." Tungegombana, tungenuniana, yangeisha. Lakini sahihi?

Sikia jambo moja. Ajuza hatoki uani kwa kuvutwa. Akitoka, atatoka kwa injini yake na mimi nimekaa ndani. Huyo mwenye hoteli aje na gari lake la kuvuta, atanikuta nimeshamfunga Ajuza magurudumu kwa minyororo, na mimi niko kwenye kiti nashona.

Aliyekuzaa


Gereji, 2 Aprili

Mama,

Nimelia mbele ya wanaume kumi na sijali.

Nilitia sahihi. Baba mdogo alinifuata huku, akanieleza ulivyojikwaa sokoni, akasema lori likibaki uani utalipanda, na siku moja nitapigiwa simu kwamba limekuangukia. Nilikuwa nimetoka kumzika mzazi mmoja, Mama. Nilisikia habari ya kumzika wa pili nikashika kalamu. Ulipoanza kuniandikia kuhusu nyaya nikajiambia nitamwelekeza, atahangaika kidogo, atachoka, mambo yatakwisha bila ugomvi. Nilikudharau. Sina neno zuri la kuliita jambo hilo.

Lakini kukuunguza? Mimi? Mtu anayetaka gari liungue anaandika habari ya fyuzi kila aya? Soma barua yangu tena, hata mwisho wa ukurasa nimerudia. Isingekuwa ile fyuzi moshi ungekuwa moto, na mimi nisingekuwa na wa kumjibu. Na wewe nawe, Mama! Unanidanganya kuna fundi, kumbe ni wewe umelala chini ya dashibodi na umeme juu ya uso wako. Tukianza kuhesabiana uongo hatutalala.

Kosa lilipo nimelipata, na ni langu. Nimetoa barua yako ya kwanza. Uliniandikia wazi kwamba waya wa chesisi umeshika alama ya kujumlisha. Niliusoma mstari ule nikacheka. Nikasema, macho ya Mama hayo, amechanganya alama. Kwa sababu magari yote ninayoyagusa mimi bodi na chesisi ni upande wa kutoa, sijawahi kuona vingine. Nikakuandikia usijisumbue. Jana nimeuliza na kusoma: baadhi ya magari ya enzi zile yalifungwa kinyume, bodi ndiyo upande wa kujumlisha. Uliona sawasawa. Mimi mwenye vyeti sikuyaamini macho yako, na ukauvuta moshi wa ujinga wangu.

Balbu na honi hazijali umeme unatoka wapi, ndiyo maana zilikubali. Feni inajali, ndiyo maana ilizunguka kinyume, nusura ikunyonge kwa shungi. Uliniandikia na hilo pia, na nililisoma nikaona kichekesho tu.

Sasa tufanye hivi. Tumgeuze Ajuza mzima, kila kifaa cha leo kimkubali. Betri igeuze: upande wa kutoa uende chesisi, wa kujumlisha uende starta. Huenda vichwa vya waya visitoshe, kimoja ni kinene kuliko kingine, badilisha vichwa, usivigonge kwa nyundo. Kile kipima chaji kwenye dashibodi, nyaya zake mbili zibadilishane nafasi. Na dainamo imezoea upande wake wa zamani, lazima ifundishwe upya. Kabla hujawasha injini, chomoa ule waya mwembamba wa dainamo. Chukua kipande cha waya kutoka upande wa kujumlisha wa betri, uguse kwenye kile kichwa kidogo cha dainamo, mara moja, uache. Itatoa cheche. Usiogope na usirudie. Kisha rudisha waya wake. Taa za nyuma huenda ni nzima. Kamera na chaji zimekufa, nyingine ziko kwenye kifurushi hiki pamoja na miwani ya kukinga macho. Uivae.

Sahihi nimeifuta. Nimemwandikia baba mdogo kwamba wawili sasa ni mimi na wewe.

Binti yako, kama bado


Nyumbani, 11 Aprili

Shemeji,

Barua yako nimeipata, na kilemba cha ukoka ulichonivisha nimekivua nikakitundika msumarini. Malkia mimi sijaomba kuwa.

Binti yangu amefuta sahihi yake, nadhani umeshasoma. Mwambie rafiki yako mwenye hoteli anunue mitungi, maua yanakaa vizuri sana kwenye mitungi.

Kuna jambo moja umeliandika nami nimelisoma mara nyingi. Umesema kaka yako miaka yake ya mwisho hakukwaruza hata ukuta wa mtu. Kweli tupu. Hakukwaruza kwa sababu hakuwa anaendesha. Macho yake yalimtupa mkono mapema, akaona aibu, akaniomba nisimwambie mtu. Nikapiga moyo konde nikashika usukani. Safari zote zile, milima yote, vichochoro vyote vyenye kuta za watu, dereva nilikuwa mimi. Yeye alikaa upande wa pili akinisimulia hadithi. Tukikaribia mjini tulisimama kwenye kona ya kiwanda cha matofali tukabadilishana viti, yeye anaingiza lori nyumbani polepole, mimi nakaa pembeni na kapu langu, ninyi mnapiga makofi.

Siri ile niliitunza kwa mapenzi, na ningeingia nayo kaburini. Umeitoa wewe, kwa kutumia jina lake kuninyang'anya usukani wangu. Huyo bingwa unayemsifu mji mzima ndiye anayekuandikia.

Ukitaka kuja, karibu, utapata chai. Gari la kuvuta liache huko.

Shemeji yako


Gereji, 20 Aprili

Mama,

Baba mdogo amenipigia simu akipumua kama amekimbizwa. Akanisomea barua yako yote, na ile kona ya kiwanda cha matofali akairudia mara mbili.

Ni kweli? Nilikuwa nikilala nyuma kwenye magodoro ya wateja nikija likizo. Nilikuwa namwambia kila mtu baba yangu akiendesha hata chai haimwagiki.

Mama, nasema hivi. Naacha kazi huku. Nikija nitamshika Ajuza mimi, wewe umeshaendesha vya kutosha, tena bila hata kushukuriwa. Utakaa nyumbani kama bosi, wateja watakuja kwako, mimi nitahangaika na barabara. Sikuogopei tena, nakwambia ukweli. Nataka tu nikupokee mzigo.

Niambie nije lini.

Binti yako


Nyumbani, 9 Mei

Mwanangu,

Ndiyo, umerudi kuwa mwanangu. Nilikuwa sijakufukuza mbali.

Nimemgeuza Ajuza kama ulivyoniandikia. Vichwa vya waya havikutosha kweli, nikabadilisha. Dainamo ilipotoa cheche nilipiga yowe, na jirani akachungulia tena ukutani. Safari hii hakuuliza harusi, aliuliza kama aite watu. Nikawasha injini, sindano ya kipima chaji ikapanda upande unaotakiwa, taa za nyuma zikawaka zote, na feni ikanipulizia usoni upepo wa haki yangu. Kamera yako ni nzuri. Nilimwona paka nyuma ya gurudumu akijilamba, naye hajui kwamba namwona.

Leo nimetoka kwa mkaguzi. Nimeendesha mwenyewe, nimepita mbele ya hoteli na honi.

Kule uwanjani wamejaa wanaume na magari yao mapya. Mkaguzi akaja, akaangalia kebini, akaniuliza, "Dereva yuko wapi, mama?" Nikamwambia, "Umeshamsalimia." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akazunguka. Indiketa sawa, honi sawa, rivasi sawa. Akaniambia kanyaga breki. Nikakanyaga. Akasema, "Ya kushoto haiwaki. Nenda, urudi mwezi ujao." Akageuka aende kwa mwingine.

Nikapiga hesabu, mwanangu. Mwezi ujao maana yake ni maneno upya, na kikao kipya, na shemeji na suti. Nikamwita. Nikamwambia, "Baba, bado hujaondoka na mimi bado sijaondoka." Nikatoa bisibisi kwenye mkoba, nikatandika khanga chini, nikaingia chini ya Ajuza mbele yao wote. Nikafuata waya mweusi kwa vidole mpaka unapoingia kwenye bodi. Kutu! Kidogo tu, chini ya boliti. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, nikatoka na vumbi langu, nikapanda, nikakanyaga. Nikaona nyuso zao zote zimekuwa nyekundu kwa mwanga wa breki kwenye kioo cha kamera.

Mkaguzi akaandika, akabandika stika. Kisha akauliza fundi wangu ni nani, ampelekee gari lake. Nikamwambia tuko wawili, mmoja ana vyeti na mwingine ana macho.

Sasa kuhusu barua yako.

Njoo. Nyumba yako ipo, kitanda chako kipo, na kazi ipo tele, tangu asubuhi watu wawili wameshaniuliza bei ya kuhamishwa. Ukifungua gereji yako hapa uani nitakushonea turubai la kivuli mwenyewe. Hayo yote ndiyo.

Lakini la kunipokea usukani, hapana. Umeliandika kwa mapenzi, na baba yako mdogo naye aliandika kwa mapenzi, na wote wawili mlinitaka nikae nyumbani nikiheshimiwa. Safari zote zile niliendesha halafu nikahama kiti kwenye kona ili mtu mwingine aonekane. Nilifanya kwa ajili ya mume wangu na sijuti. Sitafanya tena kwa mtu yeyote, hata wewe niliyekuzaa. Sasa naingia na Ajuza mjini mimi, mchana, kioo kimeshushwa, kila mtu aone.

Jumamosi namhamisha mwalimu mmoja na familia yake. Wana kabati la mbao nzito na sina wa kulishika upande wa pili. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ya utingo. Utingo anabeba, anafunga kamba, anashuka kuangalia njia akitumwa, na dereva akiwa kwenye kona haongei naye. Ukiiweza kazi hiyo, panda basi la Alhamisi.

Mama yako,
Dereva